Chizimalupsa, mvua inayoshusha moshi

Wachewa wa Malawi wana jina la mvua zinazotangulia msimu, mnamo Oktoba: chizimalupsa. Msemaji wa Kiswahili katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka akilisikia hakosi kutambua "kuzima" iliyomo ndani yake, na hakosei. Ndiyo mvua inayozima moto wa nyika. Kiangazi kizima mashamba kati ya Lilongwe na Dowa huchomwa, ama kuondoa mabua ya mahindi, ama kufichua mashimo ya panya, wale wanaouzwa wamepangwa kwenye vijiti kando ya barabara.

Moshi huo umebeba naitrojeni, na mvua huirudisha chini.

Jambo hilo ni la kale. Radi, mifugo na moto vilitia naitrojeni mvuani tangu enzi na enzi, na huko Rothamsted, Uingereza, wataalamu walianza kuipima mwaka 1853. Kilichobadilika ni kiasi. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha namna ya kutengeneza amonia kutokana na hewa, na mbolea za viwandani zikafuata. Malawi ilipoanza ruzuku kubwa ya mbolea mwaka 2005, mifuko ya urea ilifika hata kwa wakulima wadogo. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ukimwagwa juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu yake hupaa hewani ikiwa amonia.

Lilongwe nayo ilikua, na moshi wake ukaongezeka. Ilichukua nafasi ya Zomba kama mji mkuu mwaka 1975. Sensa ya 2018 ilikuta watu karibu milioni moja, na magari yao, na majiko yao ya makaa. Dzaleka, gereza la kisiasa la enzi ya Rais Banda, likawa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu 10,000 hivi. Leo wamepita 50,000, na chakula chao hupikwa kwa kuni na makaa.

Anayekinga maji ya bati anaijua mvua ya kwanza kwa macho: hushuka ya kahawia, ina masizi na vumbi. Huyaacha yaende, ndipo aweke ndoo. Naitrojeni haionekani, lakini imo, na mjini huingia mto Lilongwe, kisha Linthipe, hadi Ziwa Malawi, ambako ikizidi hurutubisha mwani na kuwaharibia samaki makazi.

Basi mkulima uliyeinunua urea kwa jasho, ifukie. Na mabua yaache yaozee shambani.