Chapati: Jina la Mgeni, Mkono wa Mwenyeji

Miaka kadhaa iliyopita nilimwonyesha mwenzangu mmoja katika utunzi shairi langu kuhusu asubuhi ya Ngamiani, mjini Tanga. Alilisoma kwa utulivu, kisha akalizungushia wino neno moja tu: chapati. "Hili ni la Kihindi," akaniambia. "Weka mkate." Nilitii. Mizani zilitimia, maana m-ka-te ni tatu kama cha-pa-ti zilivyo tatu. Lakini kina cha -ti kilianguka, na harufu ya samli ikatoweka shairini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatia neno hili huko lilikotoka, na leo nataka kulitetea.

Mwenzangu hakukosea kuhusu asili. Chapati ni neno la Kihindi, nalo huhusishwa na ubapa na kupigapiga donge kwa viganja. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wakifika pwani yetu karne nyingi kabla ya meli za mvuke, ila ni katika karne ya 19, zama za Masultani wa Zanzibar, walipojikita kwa wingi. Nyumba ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, ndiyo iliyokodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha wa Sultani. Pangani na Tanga zilipata maduka yao. Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, maduka hayo yalipanda nayo: Muheza, Korogwe, Mombo.

Lakini tazama ajabu ya kwanza. Wengi wa wageni hao walitoka Kutch na Gujarat, na Mgujarati nyumbani kwake mkate wake wa kila siku huuita rotli: mwembamba, wa unga wa ngano usiokobolewa, uliochomwa kwenye chuma kikavu na kupakwa samli ukishaiva. Mkate mnene wa uwele, unaopendwa Kathiawar na Kutch, ni rotlo. Punjab wana roti ya mahindi, iliwayo kwa mboga ya majani ya haradali. Kusini, Malabar, hupika parotta ya unga mweupe yenye matabaka mengi. Bara Hindi ina mikate bapa mingi, na kila mmoja una jina lake na kitoweo chake.

Ajabu ya pili ni kubwa zaidi. Chapati ya kwao huchomwa bila mafuta na haina matabaka. Yetu tunaikanda kwa unga mweupe, chumvi na maji ya uvuguvugu, na wengine kwa tui la nazi; tunaisukuma, tunaipaka samli, tunaikunja na kuizungusha kama konga la konokono, tunaisukuma tena, ndipo tunaikaanga. Kitu hicho Mhindi hukiita paratha, jina linalotokana na matabaka yenyewe. Kwa hiyo tulichukua jina la mkate mmoja tukamvika mwingine. Huko Mauritius walilihifadhi jina la paratha, nao husema farata. Waganda waliviringisha chapati kwa mayai wakaipa jina jipya kabisa, rolex. Neno likishavuka bahari halimwombi ruhusa aliyelileta.

Sasa nirudi jikoni. Bibi yangu hakusema chapati ila mbele ya wageni. Yeye alisema mkate wa kusukuma, kama alivyosema mkate wa kumimina kwa ule wa mchele. Hapo ndipo nilipoiona kanuni: Mswahili hupenda kuupa mkate jina la kazi ya mkono. Hata tulipolipokea jina la kigeni, vitenzi vyote vilibaki vyetu. Tunakanda, tunakata madonge, tunasukuma, tunakunja, tunageuza. Nomino imeazimwa, kazi haikuazimwa.

Na kitoweo je? Dali ya Kigujarati hupikwa kwa tuver zilizoparazwa, ikatiwa utamu wa sukari guru na uchachu kidogo. Tuver ni nini? Ni mbaazi, hizi hizi zetu, ambazo India yenyewe imekuwa mnunuzi mkubwa wa zile zilimwazo Tanzania. Pwani hatuzipasui, tunazichemsha nzima mpaka zilainike, kisha tunazimiminia tui. Mbegu ni moja, ila ng'ambo moja huungwa kwa guru, na ng'ambo ya pili kwa nazi. Ukitowea chapati kwa mbaazi za nazi asubuhi ya Tanga, umekutanisha pwani mbili katika tonge moja.

Ngano haioti pwani. Unga wake ulinunuliwa, na samli pia. Ndiyo maana katika utoto wangu chapati ilikuwa chakula cha Idi na cha wageni. Bibi aliniambia kuwa kukunja matabaka alifundishwa na jirani yake Mhindi, naye akamfundisha jirani huyo kupika kwa tui. Mwaka 1971 Serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha kwa sheria, familia nyingi za Kihindi zilihama, na ya jirani huyo ikiwamo. Bibi hakupata barua hata moja. Alichobaki nacho ni ile namna ya kukunja, na kila alipokunja alinyamaza kidogo.

Ndiyo sababu siwezi kulifuta neno hili kwa jina la usafi wa lugha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kulitoa chapati shairini ni kumtoa jirani yule mara ya pili, na safari hii mwenye kumtoa ningekuwa mimi.

Juzi nilipita kwa mama lishe mmoja karibu na soko la Ngamiani. Kwenye ubao wake kulikuwa na chaki: chapati na maharage. Nilihesabu kwa vidole: cha-pa-ti-na-ma-ha-ra-ge. Mizani nane kamili, kipande kizima cha mshororo, kimeandikwa na mtu asiyejidai utunzi. Nilikula, nikalipa, nikarudi nyumbani kulitoa shairi langu kabatini. Nikaufuta mkate, nikairudisha chapati mahali pake, na kina kikasimama.