Kata guruma: mbinu iliyofukuzwa kwa kufanana na mama yake

Wasee, kama ulikua ukitazama WWE, basi kata guruma unaijua hata kama hujawahi kukanyaga mkeka wa judo. Unakumbuka ile kitu John Cena alikuwa anafanya, anambeba jamaa mzima mabegani kama gunia la viazi halafu anambwaga chini? Hiyo ndiyo familia yenyewe. Ndugu yake wa judo anaitwa kata guruma. Kwa Kijapani "kata" hapa ni bega, na "guruma" ni gurudumu. Gurudumu la bega. Kwa hivyo usianze kuuliza ni nani alikatwa.

Leo nataka tuchambue toleo moja la hii mbinu ambalo ukiliona mara ya kwanza unadhani ni ajali. Hakuna kubeba. Hakuna mguu unaoshikwa. Anayetupa ndiye anaenda chini kwanza, na yule aliyekuwa amesimama wima sekunde moja iliyopita anajipata ameangalia taa za ukumbi. Mwalimu wa judo wa miaka ya 70 angeangalia hiyo kitu akuulize, "Sasa hii ni nini?" Na bado matokeo yakitoka, imeandikwa kata guruma.

Imekuwaje mbinu ya kubeba mtu ikageuka kuwa mbinu ya kujiangusha? Jibu liko kwa historia, na hiyo historia ina kichekesho kimoja kikubwa sana ambacho watu wa judo wenyewe hawapendi kukiongelea kwa sauti.

Kijana mdogo, jamaa mzito

Aliyeanzisha judo anaitwa Kano Jigoro. Alizaliwa 1860, na hakuwa mtu wa miraba minne. Urefu wake ulikuwa mita 1.57 hivi, yaani kwenye matatu angepita katikati ya viti bila kuinama. Shuleni alikuwa anaonewa na wakubwa, na hiyo ndiyo sababu alianza kutafuta jujutsu, ile sanaa ya zamani ya mapigano ya Japani. Mwaka 1877, akiwa Tokyo, alipata mwalimu: Fukuda Hachinosuke, wa mkondo unaoitwa Tenjin Shin'yo-ryu.

Sasa pale kwa Fukuda kulikuwa na jamaa mmoja, Fukushima Kanekichi. Mkubwa, mzito, na mwenye nguvu. Kano alijaribu kila kitu alichofundishwa na hakuna kilichofanya kazi. Kila mtu aliyewahi kucheza na mtu aliyemzidi kilo anajua hiyo hali: unafanya mbinu vizuri kabisa, na jamaa amesimama tu kama mlingoti wa stima.

Sikia alichofanya. Kwanza alienda kwa mtu wa sumo kutafuta mbinu. Akarudi, akaijaribu kwa Fukushima, ikakataa. Basi akaenda maktaba. Huko akaanza kupekua vitabu, na akapata mbinu ya mieleka ya Kizungu: unaingia chini ya mpinzani, unapitisha mkono kati ya mapaja yake, unamuinua mabegani na kumtupa upande wa pili. Akaifanyia mazoezi na marafiki zake. Akarudi kwa Fukushima. Fukushima akaruka.

Hiyo hadithi aliisimulia Kano mwenyewe. Na mbinu yenyewe, baada ya kusafishwa na kuwekwa sawa, ndiyo ikaitwa kata guruma.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hiyo sehemu ya maktaba inanigusa. Hakuna mtu alimpa hiyo kazi. Haikuwa mtihani. Alikuwa na swali moja, nitamuangushaje huyu jamaa, na akalifuata mpaka kwa kitabu cha watu wa nchi nyingine. Na kabla mtu aanze kusema ati masomo hayana maana, Kano alimaliza Chuo Kikuu cha Tokyo na baadaye akaongoza chuo cha kufundisha walimu kwa miaka mingi. Sisemi msome ama msisome. Nasema jamaa hakuona haya kuchukua kitu kizuri mahali alipokipata.

Kutoka kwa kitabu hadi kwa msingi

Mwaka 1882 Kano alifungua shule yake, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji hapo Tokyo. Mikeka 12, wanafunzi wachache. Kutoka hapo judo ikakua mpaka ikawa kitu cha dunia nzima.

Na ile mbinu ya maktabani haikuwekwa pembeni. Kodokan ina mfululizo rasmi wa maonyesho unaoitwa Nage no kata, yaani mbinu 15 ambazo ndizo kioo cha namna ya kutupa mtu. Mbinu 3 za kwanza ni za mikono: uki otoshi, seoi nage, halafu kata guruma. Nambari 3! Ni kama uanzishe mkahawa wa pilau, halafu mlo wa tatu kwa menyu uwe ule uliosoma kwa kitabu cha mapishi ya Waitaliano.

Ile ya asili inafanyika hivi. Unamvuta mpinzani mbele kwa mkono wake wa nguo mpaka uzito wake uende kwa vidole vya miguu. Unaingia chini, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Shingo na bega lako vinakaa pale kwa mkanda wake. Mkono wako mwingine unazunguka paja lake kutoka ndani. Unavuta mguu wako ukusanye miguu pamoja, unasimama, na mtu yuko hewani, amelala mabegani mwako kama nira. Kisha unamviringisha aanguke mbele yako upande ule mkono ulikuwa unavuta.

Ukiangalia vizuri, utaona kazi imegawanywa mara 2. Mkono mmoja unavuta juu, mkono mwingine unashika paja. Ukiondoa mmoja, gurudumu halizunguki. Shika hiyo point, tutairudia.

Marufuku

Miaka ikaenda. Judo ikaingia Olimpiki Tokyo 1964. Watu wa mieleka na sambo, hasa kutoka upande wa Muungano wa Kisovieti, wakaja na mitindo yao ya kushika miguu, na wakashinda kweli kweli. Ilipofika miaka ya 2000, mapambano mengi yalikuwa yamebadilika: watu 2 wameinama kama wanatafuta shilingi iliyoanguka, kila mmoja akivizia mguu wa mwenzake.

Shirikisho la judo la dunia, IJF, likasema imetosha. Kuanzia 2010, ukishambulia mguu moja kwa moja kwa mkono, umetolewa mchezoni. Kulibaki mianya kidogo, kwa mfano kama unaunganisha na mbinu nyingine. Mwaka 2013 mianya ikazibwa: hakuna kushika wala kuzuia kwa mkono chini ya mkanda mkiwa mmesimama. Kwisha.

Sababu kubwa iliyotolewa? Judo ionekane kama judo, isifanane na mieleka.

Hapo ndipo kichekesho kilipo. Mbinu ambayo mwanzilishi aliitoa kwa kitabu cha mieleka, akaiweka nambari 3 kwa msingi wa shule yake, ikafungiwa nje kwa kufanana na mieleka. Ni kama kumfukuza mtoto nyumbani kwa sababu amefanana na mama yake.

Na tuwe wakweli, upande wa pili una hoja. Ukitazama yale mapambano ya kuinama, yanachosha. Mtu anashika mguu bila nia ya kutupa, anapoteza muda tu. Baada ya sheria mpya, watu walisimama wima zaidi na mitupo mikubwa ikaonekana tena. Hiyo siwezi kuikana. Pia kuna mbinu zilizofungiwa kwa sababu nzito: mwaka 1980 bingwa Yamashita Yasuhiro alivunjwa mguu na Endo Sumio kwa mbinu ya mkasi inayoitwa kani basami, na baadaye hiyo mbinu ikapigwa marufuku. Hapo sina neno. Mfupa ni mfupa.

Lakini "inafanana na mieleka" si mfupa uliovunjika. Hiyo ni hoja ya sura. Na cheki mwaka: Februari 2013, bodi ya Olimpiki ilipendekeza mieleka yenyewe iondolewe kwa Michezo ya 2020, mpaka Septemba ndio ikarudishwa. Mchezo uliozaa kata guruma ulikuwa unapigania maisha yake mwaka ule ule judo ilikuwa inafuta alama zake za vidole.

Toleo la ajabu

Sasa rudi kwa ile point yangu. Kata guruma inahitaji mikono 2, mmoja kwa nguo na mmoja kwa paja. Sheria imeondoa wa paja. Kwa hesabu ya kawaida, mbinu imekufa.

Wachezaji wakakataa kuizika. Wakauliza swali lile lile la Kano: kuna njia gani nyingine?

Walichofanya ni hiki. Unashika mkono wa nguo wa mpinzani, wengine hata kwa mikono yote miwili. Unamvuta mbele na pembeni kidogo, na hapo hapo unajidondosha chini yake, karibu ulale. Mguu wako mmoja umenyooka kupita pale miguu yake ilipo. Mabega na mgongo wako vinakaa mbele ya mapaja yake. Hujamshika mguu, umeweka tu mwili wako mahali mguu wake ulitaka kupita.

Mwili wako umekuwa kizingiti. Mkono wake bado unavutwa, kwa hivyo sehemu ya juu ya mwili inaenda, lakini ya chini imekwama. Kama umewahi kukimbia gizani ukagonga kiti cha chini, unajua kinachofuata. Anapinduka juu ya mabega yako na kutua kwa mgongo. Pointi kamili.

Kazi iliyofanywa na mkono wa pajani sasa inafanywa na mwili mzima pamoja na mvutano wa ardhi. Ile ya zamani inakutaka uwe na mapaja ya kuinua mtu. Hii mpya inakutaka uwe na wakati sahihi. Ukichelewa nusu sekunde umelala chini peke yako, na mpinzani anashukuru anapokurukia mgongoni.

Kuna wataalamu wanaosema hii si kata guruma tena. Hoja yao si ya kijinga. Kodokan inaiweka kata guruma kwa kundi la mbinu za mikono, ambapo anayetupa anabaki amesimama. Mbinu ambazo mtupaji anajiangusha zina kundi lake, sutemi waza, na hii mpya inakaribiana sana na uki waza ama yoko otoshi wa kundi hilo.

Mimi naangalia kwingine. Jina linasema gurudumu la bega. Swali langu ni moja tu: mtu anazunguka wapi? Anazunguka mabegani mwa mtupaji. Ekseli ni ile ile, imeshushwa tu kutoka kimo cha mtu hadi karibu na mkeka. Kwangu hiyo ni kata guruma.

Na hapa kuna kitu cha ajabu zaidi. Nage no kata haijabadilishwa. Nchi nyingi bado zinataka uionyeshe unapofanya mtihani wa mkanda mweusi. Kwa hivyo Jumamosi unapitisha mkono kati ya mapaja ya mwenzako mbele ya wazee na wanakupigia makofi. Jumapili unafanya vile vile kwa pambano na refa anakuadhibu. Mbinu moja ni urithi na ni kosa.

Kwa nini nimekuandikia haya yote

Kwa sababu hii mambo ya "asili" na "safi" iko kila mahali. Sheng si Kiswahili. Huo si muziki wetu. Hiyo si sanaa. Kila anayesema hivyo anadhani kitu anachokilinda kilishuka kutoka mbinguni kikiwa kamili. Halafu unafungua kabati unakuta mwanzilishi mwenyewe alikuwa maktabani, anachukua kwa Wazungu, anajaribu, anakosea, anajaribu tena.

Sheria mchezoni ni lazima. Bila sheria ni vita tu. Ukiniambia mbinu inavunja watu miguu, nakubali ifungwe. Ukiniambia inaua mchezo kwa kuchosha, tukae tujadili. Lakini ukiniambia ifungwe kwa sababu imetoka nje, nitakuuliza unajua nyumba yako imejengwa na mawe ya wapi.

Kano alifariki Mei 1938 ndani ya meli, akirudi Japani kutoka mkutano wa Olimpiki uliofanyika Cairo. Hakuona marufuku, wala hakuona hii kata guruma ya kulala chini. Lakini wazia siku ile kwa Fukuda, Fukushima yuko chini, na mtu fulani pembeni anapaza sauti: hiyo si jujutsu, hiyo ni ya Wazungu, haihesabiki. Kama wangemsikiliza huyo mtu, pengine leo hakungekuwa na judo ya kulinda.

Nyinyi mnaionaje? Ile ya kulala chini, ni kata guruma ama wanatuchezea? Niambieni hapo chini, na mniambie kwa nini.