Insha Iliyokuwa na Msomaji Mmoja

Kama ulifanya KCPE, hii unaijua. Dakika 40, alama 40, karatasi moja. Unaanza na ndege wanaoimba na jua linalochomoza, hata kama mtaa wako uliamshwa na honi za matatu. Unatupia methali tatu, tashbihi nne. Ukikwama kabisa, mhusika anazinduka: kumbe ilikuwa ndoto.

Sasa jiulize, nani alisoma insha zako zote za shule ya msingi? Mwalimu, basi. Alipita na peni nyekundu, akaandika 28/40 na "boresha hati", kitabu kikafungwa. Msomaji wa pili, kama alikuwepo, ni yule aliyenunua njugu za kumi stejini zikiwa zimefungwa kwenye ukurasa wako.

Ndiyo maana wengi wetu tulimaliza shule tukijua kuandika lakini bila kuamini kwamba kuna mtu huko nje anangoja kutusoma. Kuna walimu walioliona tatizo hili zamani, kabla hata ya kompyuta, na tukiwafuata tutaelewa vizuri zaidi kinachoendelea leo kwenye simu za walimu wetu.

Twende Ufaransa mwaka 1920. Kwenye kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini, anafika mwalimu kijana aitwaye Célestin Freinet. Ametoka Vita vya Kwanza vya Dunia na jeraha la mapafu. Kusimama mbele ya darasa na kupaza sauti kutwa nzima hawezi. Basi akaanza kuwatoa watoto nje. Wanatembea kijijini, wanawaona mafundi na wakulima kazini, wanarudi darasani kusimulia walichokiona, kisha wanakiandika.

Katikati ya miaka hiyo ya 1920 alinunua mashine ndogo ya kuchapisha, ile ya kupanga herufi moja moja kwa mkono. Mtoto alisoma maandishi yake mbele ya wenzake. Darasa lilichagua yapi yachapishwe, halafu wote wakayasahihisha pamoja ubaoni. Kosa la tahajia halikuwa tena aibu ya mtu mmoja. Lilikuwa kazi ya darasa zima, maana karatasi ile ilikuwa inakwenda kusomwa mbali.

Na kweli ilikwenda mbali. Freinet alipatana na mwalimu mwenzake, René Daniel, aliyefundisha Trégunc, upande wa Brittany, karibu na bahari. Watoto wa milimani wakaanza kuwatumia watoto wa pwani maandishi yao yaliyochapishwa, na wa pwani wakajibu. Ukiandikia mtu ambaye hajawahi kufika kwenu, huwezi kumpiga chenga kwa misemo ya kukariri. Inabidi umweleze vizuri ndipo aone unachokiona. Hapo ndipo mtoto anajifunza kuandika.

Wazo hilo lilingoja miaka mingi kupata mashine nyingine ya kulibeba. Tarehe 25 Machi 1995, mtengenezaji programu wa Marekani, Ward Cunningham, alifungua tovuti ambayo mgeni yeyote angeweza kuhariri. Akaiita wiki, neno la Kihawaii lenye maana ya haraka. Mwaka 2006 Google ikainunua Writely, programu ya kuandikia mtandaoni, na humo ndimo ilimotoka Google Docs: watu kadhaa ndani ya ukurasa mmoja, kila mmoja akiona herufi za mwenzake zikitokea. Ni kama ubao wa Freinet, ila hakuna anayeufuta kengele ikilia.

Kwetu Kenya, teknolojia ya shule ilikuja kwa mlango mwingine. Mnamo 2013 ilikuja kama ahadi ya kampeni: kila mtoto wa darasa la kwanza angepata laptopu. Zikafuata vurugu za zabuni, na kazi yenyewe ikaanza 2016, laptopu zikiwa zimegeuka kuwa tableti kwa wanafunzi. Vifaa vilivyosambazwa vilipita milioni moja. Si kidogo. Lakini masomo yalikuwa yamepakiwa tayari, na mtoto alibonyeza, akatazama, akajibu. Nafasi ya kuandika jambo lake na kulituma kwa mtoto wa kaunti nyingine haikuwa kiini cha mradi. Shule nyingi zilivifungia vifaa kwenye chumba chenye mlango wa chuma, kwa sababu kikiibwa kimoja, mwalimu mkuu ndiye wa kuulizwa.

Wakati macho yote yako kwenye laptopu, kuna kitu kingine kilianza bila kelele. Mwaka 2014 shirika la Saide la Afrika Kusini lilifungua tovuti ya African Storybook, likaanza kuijaribu na shule na maktaba za nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Shida waliyoilenga inajulikana na kila mwalimu wa gredi ya kwanza: mtoto hajifunzi kusoma bila vitu vya kusoma, na mchapishaji wa kibiashara hawezi kutoa vitabu hamsini vya hadithi kwa lugha ambayo soko lake ni dogo.

Jibu lao lilikuwa kumkabidhi mwalimu mwenyewe kazi ya uchapishaji. Hadithi zimewekwa mtandaoni kwa leseni huria, kila ukurasa picha moja na sentensi chache. Mwalimu anaweza kuitafsiri hadithi, kuirahisisha kwa darasa la chini, au kuanzisha yake tangu mwanzo. Akimaliza, mwalimu wa nchi nyingine anaichukua na kuendelea nayo. Intaneti ikiwa shida, inapakuliwa mara moja, inachapishwa kwenye karatasi, au inamulikwa ukutani kwa projekta. Ndivyo zilivyopatikana hadithi za watoto kwa Kiturkana, Kibukusu, Kiwanga na Kimaa, bila malipo.

Hapa ndipo historia yetu inapouma kidogo. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilikuwa tayari imependekeza mtoto aanze kufundishwa kwa lugha inayozungumzwa sana eneo lake. Sera ilikuwepo kwenye karatasi. Darasani, mtoto aliyesikika akiongea lugha ya mama alivalishwa diski shingoni, na jioni akachapwa. Kwa hiyo mwalimu aliyekaa mbele ya kompyuta kutafsiri hadithi kwa lugha ya kwao mara nyingi hakuwa amewahi kuiandika shuleni hata siku moja. Ikabidi aulizane na wenzake: neno hili tunaliandikaje? Ni la kwetu au la wale wa ng'ambo ya mto? Mabishano hayo ndiyo faida kubwa niionayo mimi. Walimu waligeuka waandishi, na lugha iliyokuwa ya kuadhibiwa nayo ikapata kurasa.

Kisha ikaja 2020. Machi 13 kisa cha kwanza cha korona kikatangazwa nchini. Siku mbili baadaye rais akaamuru shule zifungwe. Serikali ikaelekeza masomo kwenye redio, runinga na mtandao. Julai, Waziri wa Elimu George Magoha akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba. Wengine wote walingoja hadi Januari 2021.

Katika miezi hiyo, darasa lililohamia mtandaoni kweli kweli lilikuwa grupu la WhatsApp. Hakuna aliyeandaa zabuni yake. Mwalimu alipiga picha ukurasa wa kitabu akautuma, akatuma na sauti yake akisoma kifungu. Mtoto akakisoma, mzazi akarekodi, sauti ikarudi. Insha ikaandikwa kwenye daftari la kawaida, ikapigwa picha. Na kwa kuwa lilikuwa grupu, kila mtu aliona. Mama wa mtoto mmoja akasoma insha ya mtoto wa jirani, akatuma kidole gumba. Bila mtu kupanga, watoto walipata wasomaji.

Lakini tusijidanganye. Simu ilikuwa ya mathe, na mathe alirudi kutoka kazini saa mbili usiku akiwa na bando ya kesho tu. Nyumba yenye watoto watatu na simu moja ilibidi ichague nani asome. Na kwenye nyumba yenye kabambe, hilo grupu halikuwepo kabisa. Mwalimu naye alilipia data mfukoni mwake. Chombo kilichomfungulia mtoto mmoja mlango kilimfungia mwenzake wa ploti hiyo hiyo, na shule zilipofunguliwa wawili hao waliketi dawati moja kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo leo tukisikia habari ya vifaa vipya vya shule, tuulize kwanza: mtoto ataandika nini humo, na nani atamsoma? Freinet aliweza kwa mashine moja ya mkono na stempu za posta. Walimu wa Turkana na Bungoma waliweza kwa kompyuta chache na karatasi zilizochapishwa. Darasa lenye simu moja ya mwalimu linaweza kuandika hadithi moja kwa wiki, sentensi moja kwa kila mtoto, likaituma kwa shule ya kaunti nyingine na kungoja jibu. Gharama yake ni bando ya mwalimu, na hiyo mwajiri wake anaweza kuilipa.

Kuna jambo moja zaidi linalonifurahisha katika maandishi ya pamoja mtandaoni: yanatunza matoleo ya nyuma. Unaweza kurudi miezi sita ukaiona sentensi ya kwanza ya mtoto, kisha mahali mwenzake alipouliza "hapa unamaanisha nini?", kisha sentensi mpya iliyozaliwa na swali hilo. Zangu mimi siwezi kuzirudia. Ziliishia kwa muuza njugu.