Akiba ya Nyumbani: Chakula, Maji na Mwanga Katika Milima Yetu

Ndugu zetu wana Kibondo na Kasulu, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kila mwaka kijitabu hiki huwaletea taarifa ya mapato na matumizi. Safari hii sisi wa kamati ya fedha tumeona tuanze na historia, kwa sababu mchango tunaouomba mwaka huu unahusu jambo ambalo wazee wetu walilijua kabla hatujasikia neno bajeti: kuweka akiba ya kukufikisha mbele pale ambapo hakuna wa kukuletea.

Nchi yetu ilikaa mbali. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini haikupanda Heru wala Muhambwe. Mzigo ulitoka stesheni kwa kichwa, na baadaye kwa malori yaliyokwama kwenye tope la masika. Kwa hiyo kila kaya ilijipanga kuishi kwa ilichonacho. Mahindi ya mbegu yalining'inizwa juu ya jiko ili moshi uwafukuze wadudu. Maharage yalichanganywa na majivu. Nafaka ilikaa kwenye kihenge kilichoinuliwa juu ya mawe. Muhogo uliachwa ardhini, ukachimbwa kwa kiasi cha siku, na uliozidi ukakaushwa kuwa makopa. Migomba ilizunguka nyumba ikatoa chakula mwaka mzima. Kilichokosekana shambani kilifuatwa: chumvi ya Uvinza, ambayo imechemshwa pale kwa zaidi ya miaka 1,000, na samaki wakavu wa Ziwa Tanganyika.

Tukumbuke pia ni nani aliyetunza kihenge hicho. Wakati wa Mwingereza vijana wa Buha walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Kuanzia mwaka 1944 shirika la kuajiri vibarua, SILABU, liliwachukua kwa mikataba wakawa manamba. Wengi wetu tulioko mijini ni watoto na wajukuu wa safari hizo. Nyumbani walibaki mama na bibi zetu. Wao ndio waliopima unga wa kupika leo na mbegu ya kutoguswa hata njaa ikibisha hodi. Kwa lugha yetu ya uhasibu, walitenganisha mtaji na matumizi, na hawakuhitaji daftari.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuhamishiwa watu vijijini, kabla zoezi halijawa la nchi nzima. Vijiji vilileta shule na zahanati karibu, na faida hiyo hatuikatai. Lakini kaya nyingi ziliacha nyuma migomba yao na chemchemi walizozijua. Watu wengi wakaanza kutegemea chanzo kimoja cha maji, na kuni zikawa mbali zaidi kila mwaka. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, uliolifanya taifa kuagiza nafaka kutoka nje, ukawakuta wengi bado wanajenga upya.

Halafu majirani wakatukimbilia. Warundi walikuja mwaka 1972, na kwa wingi zaidi baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye Oktoba 1993. Wakongo walifika mwaka 1996, ndipo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Warundi walirudi tena, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya. Tuliona kwa macho yetu maana ya kuondoka nyumbani bila akiba. Tuliona pia mamia ya maelfu ya watu wakipika kwa kuni za misitu ileile tunayoitegemea, na chemchemi zilizopoteza miti yake zikipungua maji.

Kuhusu mwanga, historia yetu ni fupi. Koroboi ya mafuta ya taa ilitawala kwa muda mrefu, na mafuta yalipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walilala mapema. Baadaye miji ya Kasulu na Kibondo ikawashwa kwa majenereta ya dizeli. Mwaka 2022 gridi ya taifa ikatufikia kupitia Nyakanazi, nasi tulishangilia kama kila mtu. Lakini mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulitukumbusha kwamba waya si akiba. Waya hukuunganisha na neema ya wenzako na pia na upungufu wao.

Kabla ya gridi tulipata fundisho jingine. Kwa mkataba wa Changamoto za Milenia kati ya Tanzania na Marekani, uliosainiwa mwaka 2008, ilikusudiwa kuzalisha umeme kwenye maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi. Mpango huo uliachwa kwa sababu za mazingira, na badala yake zikafungwa sola kwenye shule za sekondari, vituo vya afya na zahanati za mkoa wetu. Sola ni kitu kizuri, ila ina hesabu yake. Paneli hudumu miaka 20 na zaidi, lakini betri za kawaida huchoka baada ya miaka michache. Asiyeweka fedha ya betri tangu siku ya uzinduzi atabaki na paneli zinazong'aa juu ya paa na mkunga anayezalisha kwa tochi ya simu.

Sasa turudi kwenye hesabu za nyumbani. Familia ya watu 6, kila mmoja akila nusu kilo ya unga kwa siku, inahitaji kilo 3 kwa siku, yaani kilo 1,095 kwa mwaka. Hayo ni magunia 11 ya kilo 100. Dumuzi wakila gunia moja kati ya matano, familia hiyo imepoteza zaidi ya miezi miwili ya chakula ambacho ilikwisha kulima, kupalilia na kuvuna. Mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa huzuia hasara hiyo bila dawa, mradi mahindi yawe yamekauka vizuri.

Maji nayo yanahesabika. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Kwa kunywa na kupika, lita 5 kwa mtu, familia hiyo inatumia lita 30 kwa siku, au lita 3,600 kwa kiangazi cha siku 120. Tangi la lita 5,000 lililojazwa kabla ya Juni linatosha na kubaki.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu una mafungu matatu: mifuko ya kuhifadhia nafaka na mbegu, ulinzi wa chemchemi pamoja na matangi ya shule, na mfuko wa betri za zahanati. Fungu la tatu halitaguswa kwa jambo lingine lolote, hata sherehe. Tutalisimamia kama bibi zetu walivyosimamia mbegu juu ya moshi.

Haba na haba hujaza kibaba. Wengi wetu tulisomeshwa kwa magunia ya maharage yaliyouzwa kutoka kwenye vihenge hivyo. Mwenye elfu tano na mwenye laki tano wote wataandikwa, na hesabu itasomwa hadharani kwenye mkutano mkuu.