Kulika kwa viungo na hatari ya kisukari

Kulika kwa viungo ni kuchakaa kwa gegedu linalokinga ncha za mifupa, hasa magotini na nyongani. Mwenye maumivu ya viungo hivyo hutembea kidogo. Misuli hutumia sukari kidogo, uzito huongezeka, na kisukari cha aina ya pili hukaribia. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusisha sehemu ya hatari hiyo na ugumu wa kutembea. Unene huchochea maradhi yote mawili. Nyansiongo, katika Kaunti ya Nyamira, Kenya, ni nchi ya majani chai, na mchumaji hushinda wima; goti lake bovu lisihesabiwe uzee tu. Sindano za steroidi za kutuliza maumivu gotini huweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Mgonjwa wa magoti apimwe sukari pia.