Ufuaji wa Nguo Kisumu: Mashine za Nchi za Nje na Maji ya Ziwa

Historia ya ufuaji wa nguo katika mji wa Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya haitenganiki na historia ya maji, kwa kuwa kila hatua ya kazi hiyo, tangu nguo za pamba zilipoanza kuvaliwa na wengi hadi mashine za umeme zilipoingia madukani, imeamuliwa na mahali maji yanakopatikana, mtu anayeyaleta na gharama ya kuyafikisha nyumbani. Mashine ya kufulia iliyobuniwa Marekani, Ujerumani, Japani au Korea Kusini ni jibu la hali ya maji, umeme na nyumba za nchi hiyo, na inapofika Kisumu hukutana na hali nyingine. Kwa hiyo anayetaka kuzilinganisha mashine hizo kwa haki hana budi kuutazama kwanza mji wenyewe na watu walioufulia nguo zake.

Kabla ya ujio wa reli, jamii za ufuo huu, Waluo wakiwa wengi wao, zilivaa zaidi ngozi na nyuzi, ukiwemo mkia wa nyuzi uitwao chieno uliovaliwa na wanawake walioolewa, na mavazi ya aina hiyo hayakuwa ya kulowekwa na kusuguliwa kwa sabuni kila wiki. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, katika kituo kilichoitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston, na kuanzia hapo mabehewa yalileta kwa wingi vitambaa vya pamba ambavyo awali vilipenya bara kwa misafara ya wapagazi, kama vile merikani, yaani kitambaa cheupe kigumu kilichopata jina lake kwa kuwa kililetwa kwanza kutoka Marekani. Nguo nyeupe ya pamba ilileta pamoja nayo kazi mpya, kwa sababu huonyesha uchafu upesi, hushika jasho, na heshima ya anayeivaa hupimwa kwa weupe wake.

Heshima hiyo ilitiwa nguvu na misheni. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906 umbali mfupi kutoka Kisumu, ilifundisha kusoma na sala pamoja na usafi wa mwili na mavazi, hata kanzu au kaptula iliyofuliwa na kupigwa pasi ikawa alama ya msomi na mwumini. Kwamba jambo hili halikuwa dogo kunadhihirishwa na upinzani lililoupata: mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza ujumbe wa Mumbo, nyoka mkubwa wa ziwani, uliowataka wafuasi kuyaacha mambo ya Wazungu, kurudi kwenye mavazi ya ngozi na kuacha kunawa. Serikali ya kikoloni iliiona dini hiyo kuwa hatari kwa utawala wake, na kwa hakika ilikuwa imegusa mahali nyeti, kwa maana nguo na maji ya kuifulia vilikuwa sehemu ya mamlaka mapya.

Katika mji wenyewe, kazi ya kufua kwa malipo iliwekwa mikononi mwa dobi, jina na ufundi uliotoka Bara Hindi na kuenea Afrika ya Mashariki nzima, na baadaye vijana wa Kiafrika walioajiriwa katika nyumba za maofisa walijifunza ufundi huohuo. Zana zake zilikuwa karai, jiwe au ubao wa kusugulia, sabuni ya mche, buluu ya kuzipa nguo nyeupe mng'ao, wanga wa kukazia kola, na pasi ya makaa. Pasi haikuwa ya urembo tu, kwani katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa, na buu lake hupenya ngozi ya mvaaji na kuota humo kama jipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo kabla nguo haijavaliwa. Mpango wa mji wa kikoloni ulitenga makazi kwa rangi, Wazungu wakiishi mwinukoni, Wahindi karibu na soko la biashara, na Waafrika wengi wakisukumwa pembezoni. Mabomba ya maji yalifuata mpango huo, kiasi kwamba mitaa iliyokua nje ya mipaka ya zamani, kama vile Nyalenda, Manyatta na Obunga, ilianza maisha yake bila mfereji ndani ya nyumba.

Kwa familia za mitaa hiyo na za vijiji vya ufuoni, kutoka Dunga hadi Kendu Bay na Mbita, ziwa lilibaki kuwa dobi la wote, na ndilo lililotoa maji bila malipo na mawe ya kuanikia. Lakini bei yake ililipwa kwa afya. Kichocho cha tumbo husababishwa na mnyoo ambaye viluwiluwi vyake hukua ndani ya konokono wa maji baridi, hutoka mchana wakati wa jua na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Wanawake na watoto wanaofua kwa saa nyingi miguu ikiwa ziwani wamo hatarini sawa na wavuvi, wachimba mchanga na waosha magari. Katika miaka ya 1990 gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini uliofunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa ulio mbele ya Kisumu, kufikia mwaka 1998, lilifunga fukwe na kuwapa konokono hao maficho mapya. Mmea huo hushamiri kwa rutuba inayoletwa na mito na maji machafu ya miji, na povu la sabuni lina sehemu yake, hata ikiwa ndogo, katika rutuba hiyo.

Wakati huo nchi za viwanda zilikuwa zimekwisha kuihamisha kazi hii kwenye injini, kila moja kwa njia yake. Nchini Marekani, kampuni ya Maytag ilitoa mwaka 1922 mashine yenye mhimili wa mapezi katikati ya pipa, unaozungushwa mbele na nyuma ili kuzipiga nguo ndani ya maji mengi. Ingawa kampuni ya Bendix ilionyesha mwaka 1937 mashine ya kujiendesha yenye mlango wa mbele, pipa la kusimama lenye mlango wa juu ndilo lililotawala nyumba za Wamarekani, kwa kuwa nyumba zilikuwa na nafasi, maji yalikuwa rahisi, na maji ya moto yalitoka tayari kwenye tangi la nyumba kupitia bomba la pili. Mashine ya namna hiyo hutumia lita 150 au karibu na hapo kwa mfuo mmoja, na imeundwa kwa umeme wa volti 120.

Ulaya ilichukua njia nyingine. Ujerumani ilipata mwaka 1951 mashine ya Constructa, ya kujiendesha na yenye mlango wa mbele, ambamo pipa lililolala huinua nguo na kuziangusha katika maji machache, na hita iliyo ndani huyachemsha maji baridi ya bomba. Wafaransa, kwa sababu ya ufinyu wa nyumba zao, walipenda mashine nyembamba yenye sentimita 40 hivi za upana, ambayo pipa lake limelala ingawa mlango wake uko juu. Waingereza, ambao kiwanda cha Hoover kilianza kuwatengenezea mashine mwaka 1948 huko Merthyr Tydfil, walitumia kwa miaka mingi mashine ndogo ya kujazwa kwa mkono, na wengi wao bado huiweka mashine jikoni. Mashine ya Ulaya hutumia kama lita 50, lakini hudai umeme mwingi kwa ajili ya kuchemsha maji.

Asia ya Mashariki ilijifunza kutoka Uingereza na kwenda mbali zaidi. Kampuni ya Sanyo ilitoa Japani mwaka 1953 mashine nyepesi iliyofuata mfano wa Hoover, ambamo sahani inayozunguka huvuruga maji, na Korea Kusini ikaanza na mashine ya Goldstar mwaka 1969. Wajapani hufua kwa maji baridi, na mashine zao nyingi zina bomba la kuvuta maji yaliyobaki baada ya familia kuoga, ili maji yaleyale yafanye kazi mara mbili. Kutoka katika ukoo huo ilienea mashine ya mapipa mawili, moja la kufulia na la pili la kukamulia, ambayo hujazwa hata kwa ndoo na haidai presha ya bomba.

Zikiletwa pamoja Kisumu, mashine hizi hupimwa kwa mizani ambayo wabunifu wake hawakuikusudia. Umeme wa Kenya ni volti 240, na kwa hiyo mashine ya Marekani haiwashwi bila transfoma, ilhali ya Ulaya inahitaji plagi tu. Familia inayonunua maji kwa mitungi ya lita 20 itatumia mitungi miwili na nusu kwa mashine ya Ulaya, na saba na nusu kwa ile ya Kimarekani. Mashine ya kujiendesha huhitaji presha ya kutosha ili vali yake ifunguke. Kila mita ya urefu kutoka kwenye mashine hadi tangi la juu ya paa huongeza sehemu moja ya kumi ya kipimo kiitwacho bar, na tangi lililo mita tatu juu hufikia kwa shida kiwango cha chini kinachodaiwa na baadhi ya mashine. Maji ya ziwa ni laini, yaani yana chokaa kidogo kuliko ya London au ya sehemu nyingi za Ujerumani, na kwa sababu hiyo kipimo cha sabuni kilichowekwa kwa maji magumu hutoa povu linaloikwamisha mashine ya mlango wa mbele. Tena, maji hayo yana joto la nyuzi 25 hivi mwaka mzima, hivyo hita inayomfaa Mzungu wakati wa baridi haina kazi kubwa hapa. Kwa hesabu hii, mashine ya mapipa mawili, inayodharauliwa kuwa ya kizamani, ndiyo inayolingana zaidi na nyumba isiyo na mfereji wa uhakika.

Hata hivyo, katika mitaa mingi ya Kisumu mshindani wa mashine zote hizi ni mama fua, mwanamke anayefua nguo za wengine nyumba kwa nyumba kwa malipo ya siku. Yeye ndiye mrithi wa dobi, lakini kazi iliyokuwa ufundi wa wanaume wenye jina imekuwa kibarua cha wanawake kisicho na mkataba, na ujira wake mara nyingi ni mdogo kuliko manufaa yake. Mashine inapoingia katika nyumba yenye maji na umeme, hupunguza siku zake za kazi. Inaposhindwa kwa kukosa maji, mzigo humrudia yeye, pamoja na mitungi ya kubebwa.

Kutokana na historia hii, swali la mashine ya nchi gani iliyo bora haliwezi kujibiwa kwa kusoma majina ya viwanda. Mlango wa mbele ni bora palipo na mfereji wenye presha na umeme usiokatika. Mapipa mawili ni bora palipo na ndoo. Na pasipo maji ya karibu hakuna mashine iliyo bora hata moja. Tangu mabomba ya kwanza yalipopita mbele ya milango ya wengi bila kuingia, mji huu umegawanya mzigo wa kufua kwa kugawa maji, ukiwatwika wanawake na watoto sehemu iliyo nzito. Kampuni ya maji inayofikisha mfereji Nyalenda au Obunga huwapunguzia watu wengi kazi na ugonjwa kuliko duka linalouza mashine katika mtaa wa kitajiri wa Milimani, na hadi mfereji huo ufike, haki inadai kwamba mama fua alipwe kama fundi ambaye mji hauwezi kuishi bila yeye.