Reli Ilikomea Chini: Nani Hulipia Kipande cha Mwisho?

Mji wa Moshi uko mahali ulipo kwa sababu reli haikupanda mlima. Moshi ya kwanza ilikuwa juu, katika nchi ya Mangi Rindi na mwanawe Meli, mahali tunapopaita leo Old Moshi. Huko Wajerumani walijenga boma lao, na huko ndiko walikomnyonga Mangi Meli mwezi Machi mwaka 1900. Reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka 1893, ilipofika mwaka 1911, stesheni iliwekwa tambarare, chini ya ukanda wa migomba. Ofisi za serikali, maduka na maghala vikateremka kuifuata, na jina la Moshi likateremka navyo. Waliobaki juu ni wakulima, pamoja na mizigo yao.

Nimelikumbuka jambo hilo baada ya kuhudhuria, si muda mrefu uliopita, semina kuhusu usafirishaji usiochafua hewa. Wawasilishaji walieleza vizuri namna fedha za umma zinavyoweza kumsaidia mwenye gari kuachana na lori kuukuu na kununua lisilotoa moshi mweusi. Picha zote walizotuonesha zilikuwa za malori makubwa ya barabara kuu, yale yatokayo bandarini. Mzee mmoja kutoka Uru, aliyealikwa kwa niaba ya chama chake cha msingi, akauliza kama gari hilo litafika mgombani kwake. Ukumbi ulicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lake lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na katika muda wote huo jibu limekuwa hapana.

Tuanze na reli yenyewe, maana watu hudhani ruzuku ya uchukuzi ni jambo la kisasa. Kampuni binafsi ya Kijerumani iliyoundwa mwaka 1891 kuijenga ilishindwa kifedha kabla haijafika mbali, na mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua. Kwa maneno mengine, reli iliyofika Moshi ilifika kwa fedha za umma. Fedha hizo zilimwondolea mwenye shamba kubwa gharama ya misafara ya wapagazi hadi pwani, ambako kila mtu alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa majuma. Lakini zilikomea stesheni. Kati ya stesheni na kihamba cha Mchagga kulikuwa na kilomita kumi, ishirini, pengine thelathini, na mwinuko wa mita mia kadhaa hadi karibu elfu moja, katika ardhi iliyokatwakatwa na mabonde ya mito. Hapo palibaki kichwa cha mwanamke, na punda kwa aliyebahatika.

Wataalamu wa uchukuzi hukiita kipande cha mwisho. Kwa mwenye ndizi ni kipande cha kwanza, na huenda tofauti hiyo ya majina ndiyo sababu ya wao na yeye kutoelewana.

Kahawa, ambayo wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo iliyokifanya kipande hicho kuwa suala la siasa. Wakulima wa Kiafrika waliunda chama chao cha kwanza, KNPA, mwaka 1925, chini ya uongozi wa watu kama Joseph Merinyo. Kikafuatiwa na KNCU, kilichoandikishwa rasmi mwanzoni mwa mwaka 1933. Historia ya vyama hivi husimuliwa kama historia ya bei: namna wakulima walivyopigania haki ya kulima kahawa na kuiuza pamoja. Ni kweli, lakini ukitazama ramani ya vyama vya msingi utaona pia historia ya uchukuzi. Maghala yalijengwa katika ukanda wa kati wa mlima, Machame, Kibosho, Uru, Kilema, Marangu, Mwika na kwingineko, mahali ambapo mkulima angeweza kufika kwa miguu na gunia lake na lori lingeweza kupanda kulifuata. Ghala la chama lilikuwa makubaliano kati ya kichwa na gurudumu.

Makubaliano hayo aliyalipia nani? Mkulima. Gharama za chama zilikatwa katika malipo ya kahawa, na ushuru wa kahawa ukaenda katika mfuko wa utawala wa wenyeji, uliogharimia shule, zahanati na barabara. Penye upungufu wa fedha palikuwa na msaragambo: siku ya kazi ya pamoja, majembe na sururu, kila kaya ikitoa mtu. Barabara nyingi tunazopita leo kwenda mazikoni na harusini huko juu zilichongwa hivyo, kama ilivyochimbwa mifongo ya maji kabla yake. Sisemi haya kwa majivuno ya kikabila, ambayo tumeyazidisha. Nasema ili ieleweke kwamba kipande cha mwisho kilikuwa na mfuko wake, na mfuko huo ulikuwa na wenyewe.

Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini kote, KNCU kikiwamo, na kahawa ikawekwa chini ya mamlaka ya serikali. Vyama vilirudishwa katikati ya miaka ya 1980, lakini vilikuta uchumi uliokauka. Nilikuwa mtoto wakati huo, Kibosho, na kumbukumbu yangu ya kwanza ya lori la mizigo ni ya lori lisilokuja. Bibi yangu aliteremsha kahawa yake kavu hadi ghalani, ikapimwa, akapewa stakabadhi, kisha magunia yakalala hapo juma baada ya juma kwa sababu dizeli haikuwapo. Alikwenda kuyatazama kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa. Watu wa umri wangu wanaweza kuongeza hadithi zao hapa.

Soko huria la kahawa lilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi binafsi walileta magari, na kwa miaka michache ilionekana kana kwamba tatizo limekwisha. Gari la mnunuzi, hata hivyo, lina akili ya mwenye gari: hufika panapolipa. Lilisimama penye barabara nzuri na kuwaacha wa migongo ya mbali wajitegemee. Bei ilipoanguka, wengi walikata mibuni, wakategemea ndizi, maziwa na nyanya, mazao yasiyosubiri ghalani. Ndipo usafirishaji wa mlima ulipopata sura yake ya leo: bodaboda yenye mikungu mitatu nyuma, kirikuu kinachoshuka kwa breki zinazonuka, Noah iliyojaza abiria na ndoo za maziwa, na Fuso la usiku linalopeleka ndizi hadi Mahakama ya Ndizi, Mabibo, Dar es Salaam. Mfuko wa kipande cha mwisho ulikufa, kipande kimebaki.

Na magari haya yametoka wapi? Hapa historia ya Kilimanjaro inakutana na ya Tokyo. Mwezi Oktoba mwaka 2003 Tokyo na majimbo jirani yake walianza kuyazuia malori ya dizeli yasiyokidhi viwango vipya vya moshi. Serikali huko iliwasaidia wenye malori kwa ruzuku ya kufunga vichujio au kubadili gari. Uamuzi huo uliwapa watu wa Tokyo hewa nafuu, na siwalaumu. Lakini lori lililozuiwa Tokyo halikuwa limekufa. Lilikuwa limekosa kibali tu, na lenye usukani wa kulia lina soko katika nchi zinazoendesha kushoto. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018, mengi yakija Afrika. Kwa hiyo fedha za umma za kusafisha malori zimekwisha kutugusa. Zilitumika kule, na moshi ukaja huku.

Kenya, jirani yetu wa hapo Holili, haipokei gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Sisi tumechagua kulitoza ushuru zaidi gari kuukuu badala ya kulikataa. Hatua moja njema tumeichukua pamoja: tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zimetumia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Mafuta yamekuwa safi kuliko injini zinazoyachoma. Simama kwenye kona yoyote ya barabara ya Kibosho Fuso lenye saruji likipanda kwa gia ya kwanza, na utazame wanafunzi wanavyofunika pua kwa kola za mashati. Mwaka 2012 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya ugonjwa huo.

Wasiopenda ruzuku husema serikali haina fedha. Fedha ipo, na anayeichangia ni huyuhuyu wa bodaboda. Kila lita ya petroli na dizeli inatozwa tozo ya barabara. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA, na mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa lita kwa ajili ya miradi ya kimkakati, ikiwamo reli ya kisasa. Kijana anayeteremsha mikungu kutoka Uru anachangia reli inayotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma. Sina ugomvi na reli hiyo. Nimeipanda na nikaifurahia. Nilifurahi pia mwaka 2019 treni ya mizigo iliporudi Moshi kutoka Tanga, kisha ya abiria, baada ya miaka mingi ya kimya. Ila hesabu ni ileile ya mwaka 1911: umma unalipia hadi stesheni.

Tukitaka kujua ruzuku ya malori inavyoweza kwenda kombo, tutazame bandari za Los Angeles na Long Beach. Mwaka 2008 zilianza kuyapiga marufuku malori ya zamani, na baadaye zikatoza ada ya kontena ili kugharimia mapya. Uchafuzi wa malori ulipungua sana, na hilo lilikuwa ushindi wa kweli kwa watoto wa mitaa ya jirani. Lakini madereva wengi hawakuajiriwa. Walihesabiwa kuwa wakandarasi wa kujitegemea, na kampuni nyingi zikawabebesha malori mapya kwa mikataba ya kulipa kidogo kidogo. Mwaka 2017 waandishi wa habari wa Marekani waliwafichua madereva waliofanya kazi mchana na usiku na bado wakabaki na deni, na wengine wakapoteza malori waliyokaribia kuyamaliza kulipia. Hewa ilisafishwa kwa mgongo wa dereva.

Sasa fikirieni hali yetu, ambapo mwendesha kirikuu mara nyingi si mwenye kirikuu, bali hupeleka hesabu kila jioni kwa tajiri. Ruzuku ikipewa tajiri bila masharti, hesabu ya jioni itapanda. Ikipewa kampuni kubwa za barabara kuu, mzee wa Uru atakuwa amepata jibu lake.

Mlima wetu nao una sifa moja ambayo wenzetu wangeitamani. Mazao ya mkulima hushuka. Gari la umeme linaposhuka na mzigo, mota yake hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme katika betri. Uswisi, karibu na mji wa Biel, lori kubwa la umeme liliwekwa machimboni kushusha mawe ya kutengenezea saruji, na wahandisi wake walieleza kwamba umeme linaouvuna likishuka limejaa hutosha kulipandisha likiwa tupu. Kwetu hesabu haitakuwa nzuri kiasi hicho, kwa kuwa gari likirudi juu hubeba saruji, mabati, pumba na kreti za bia. Hata hivyo ndizi za Kibosho hazihitaji lori la kwenda Dar es Salaam kwa umeme. Zinahitaji gari dogo la kwenda kilomita 15 chini na kurudi, mara mbili kwa siku, na kulala mahali penye umeme.

Mahali hapo papo. Mwezi uliopita nilipita kwenye ghala la chama ambako bibi yangu alikuwa akiyatazama magunia yake. Bati lina kutu na dirisha moja limezibwa kwa mbao, lakini nguzo ya umeme iko hatua chache kutoka mlangoni, mizani ingali mahali pake, na kamati ya chama bado hukutana. Katibu alinionesha daftari la wanachama, majina yakiwa yameandikwa kwa mkono, ya marehemu yakiwa yamekatwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu. Nilimuuliza mzigo wa mwanachama hufikaje pale siku hizi. Akaelekeza kidole nje, kwa mama mmoja aliyekuwa akipanda kilima, kata ikiwa bado kichwani, akitoka kuuza.